Kubadilishana vipande vya shamba na jirani: malodi wa Uingereza hufanyaje, na huku Malindi je?

mkulima_wa_jilore

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina swali na naomba msinicheke manake nyumbani wamenicheka tayari.

Mimi niko huku Malindi upande wa Jilore. Marehemu baba alituachia ekari saba lakini haziko pahala pamoja, nne ziko hapa nyumbani na tatu ziko bondeni karibu na mto Sabaki, na kufika huko lazima nikate shamba la jirani, mzee mmoja rika la baba yangu. Sasa ajabu ni kwamba nyumba ya mzee iko hukohuko bondeni, imepakana na zile tatu zangu, lakini ana kipande chake cha ekari tatu na nusu kimekuja kukaa hapa mgongoni mwa nyumba yangu, yaani nikifungua dirisha la jikoni naona minazi yake. Kila asubuhi mimi na jembe langu naelekea kwake, yeye na jembe lake anaelekea kwangu, tunapishana njiani, shikamoo marahaba, mwaka wa kumi na tano huu. Mahindi yakikomaa nyani wanakula yangu mimi nimelala huku, na yake ngedere wanayamaliza yeye amelala kule.

Mwezi uliopita mzee mwenyewe akanambia mwanangu mimi magoti yameisha, kwa nini tusibadilishane, chukua hiki cha mgongoni kwako nipe kile cha bondeni kila mtu alime mlangoni kwake. Nikafurahi nikakubali papo hapo na kahawa tukanywa. Usiku sikulala. Kipande chake kina minazi arobaini na ni kikubwa kidogo, lakini mchanga wake mwekundu umechoka. Changu hakina mti wa maana hata mmoja ila udongo mweusi, mbolea ya mto yenyewe, japo Sabaki ukifura unafura kweli na mwaka mbaya hauachi kitu.

Nikampigia binamu yangu yuko Uingereza kwenye shamba la ng'ombe, akacheka akasema mbona huku ndio mtindo wao, ati wale malodi wenye maesteti hubadilishana vipande vya mashamba tangu zamani, na esteti anayofanyia kazi iko kwenye maneno hayo na jirani yake sasahivi. Lakini yeye ni wa kukamua tu undani haujui. Sasa mwenye kujua anieleze, wenzetu hao wanapimaje mpaka wote wakaridhika? Ekari kwa ekari? Nani anamuongeza nani? Na huku kwetu yawezekana au ni maneno ya kahawa? Sitaki kumdhulumu mzee wa watu na sitaki kudhulumiwa.

mwana_wa_amu

Waaleikum salaam kaka. Mimi ni mtu wa Amu, sahi niko nyumbani, lakini nlikaa Uingereza miaka sita huko Norfolk nikiendesha trekta kwenye esteti moja sitaitaja. Hiyo kitu unayouliza nimeiona mwanzo mpaka mwisho, miaka miwili na kidogo, watu na mabuti ya mpira na ramani kwenye matope.

Kwanza esteti sio shamba kubwa tu kama watu wanavyofikiria. Kuna jumba la mwenyewe, misitu, nyumba za kijiji, na mashamba mengi kila moja na mkulima wake aliyepanga. Hukohuko Norfolk kuna Holkham peke yake ni kama ekari 25,000. Na hizi ardhi hazikupatikana siku moja, babu mmoja alioa mke mwenye ardhi, mwengine akamnunua jirani aliyefilisika, mwengine akarithi kwa ami yake, mwisho ramani inakuwa kama shati lenye viraka, kipande chetu kiko ng'ambo ya barabara yao na chao kimeingia kifuani mwetu. Kuna kipande kimoja trekta langu lilikuwa linatembea karibu nusu saa barabarani kukifika, nyuma msururu wa magari, watu wananipigia honi na matusi ya kizungu. Na kuuza hawataki, kule shamba zuri haliji sokoni ovyo, ukiliuza leo hata mjukuu wako halipati tena. Ndio maana wanabadilishana.

Jibu la swali lako: SIO ekari kwa ekari. Sisi tulitoa 52 tukapokea 61 na bado tukaongezwa pesa. Serikali yao imepanga ardhi ya kilimo kwa madaraja, la 1 ndio bora mpaka la 5, na hilo la 3 likagawanywa a na b. Zetu zilikuwa daraja la 2, zao nyingi 3b. Lakini hiyo ramani ya madaraja ilikuwa ya kuanzia maneno tu, hakuna aliyeitegemea. Kila upande ulileta ajenti wake aliyesomea kupima thamani ya ardhi, wakaja na keekee ndefu, kile chuma cha kutobolea, wanatoboa chini wanatoa udongo wanausugua kwa vidole kama mtu anayechagua unga wa mahamri, huyu anasema mzuri yule anasema kichanga, siku nzima.

Halafu mifereji. Chini ya yale mashamba kuna mabomba ya udongo wa kuchoma, mengine yamezikwa tangu enzi za Malkia Victoria, ndio yanayotoa maji ya mvua ngano isioze. Ramani yake ofisini hakuna. Ilikuwa kichwani mwa mpangaji mmoja mzee muno, akasimama na fimbo akasema hapa, wakachimba, bomba hilo. Ikaonekana maji ya kipande tunachotoa yanamalizikia kwenye mtaro wetu tunaobaki nao, kwa hivyo ikabidi iandikwe kwenye hati kwamba maji yatapita hapo siku zote awe nani mwenye shamba. Kaka hapo ujifunze, ile njia ya kukata shamba la mzee na maji yanavyoshuka, yote hayo yaandikwe.

Halafu watu. Huwezi kubadilisha ardhi ukamuacha mpangaji hewani, mpangaji anakwenda na ardhi yake, siku hiyo analala ana mwenye nyumba huyu anaamka ana mwengine. Na wako wapangaji aina mbili. Wale wa sheria ya 1986, wa mikataba ya zamani, kwa kawaida hawaondoki mpaka kufa, na mikataba mingi ya kabla ya 12 Julai 1984 inaweza kurithishwa mara mbili, mtoto halafu mjukuu. Waliochukua shamba kuanzia 1 Septemba 1995 wengi wana mkataba wa muda, ukiisha umeisha. Kwa hivyo ekari moja tupu na ekari moja yenye mpangaji wa zamani, hata udongo ukiwa mmoja, bei haikaribiani. Kwenye zile 61 kulikuwa na huyo mzee wa fimbo na ndiye aliyefanya tuongezwe pesa. Yeye mwenyewe alijua, alikuwa anatuangalia tu anatabasamu.

Sasa ndege, hapa ndio nlichoka kabisa. Kuna ndege kama jogoo wa rangi anaitwa pheasant, wanamfuga mpaka anakua wanamuachilia porini halafu wanaenda kumpiga bunduki, na watu wanalipa pesa nyingi kwa mchezo huo. Bwana mwenye ile esteti nyingine alikubali kutoa ardhi, udongo, mifereji, nyumba ya mpangaji, kila kitu, ila kwenye pembe moja ya msitu akasema ardhi chukueni lakini haki ya kuwinda nabaki nayo. Miezi minne mawakili wanaandikiana barua juu ya kuku wa porini.

Na kodi haikwepeki. Serikali inaona kila mmoja amenunua. Tuseme kipande ulichopokea kimepigwa bei pauni 360,000, kodi ya stempu unaanza kulipia kupita 150,000, kutoka hapo mpaka 250,000 ni asilimia 2, inayobaki asilimia 5, jumla pauni 7,500, na mwenzako naye analipia chake. Hakuna kusema sisi hatukupeana pesa.

Tarehe ilikuwa 29 Septemba, siku ya Mtakatifu Mikaeli, ndio siku yao ya kukabidhiana mashamba tangu zamani kwa sababu ngano imeshavunwa na shamba liko wazi, hakuna maneno ya nani alipanda. Nyinyi subirini mahindi ya masika yatoke. Na kabla ya hapo kaeni na mzee mhesabu magunia ya miaka mitano, mwaka mzuri na mwaka wa mafuriko, na nazi kila mwangusho. Hiyo ndio keekee yenu.

bi_khadija_mambrui

Mwanangu nimesoma yote hayo ya ndege na malodi na sijaona mtu kauliza la maana. Umesema baba ALITUACHIA. Alituachia nyinyi kina nani? Una dada? Mama yuko? Hatimiliki iko kwa jina la nani? Manake nyinyi wanaume mkishikana mikono kwenye kahawa mnasahau kama kuna mtu Mombasa ana fungu lake hapo bondeni.

karani_mstaafu

Bi Khadija ametangulia, nami naongeza kwa sababu nimekaa ofisi za ardhi miaka mingi nikibeba mafaili.

Hatimiliki ikiwa bado kwa jina la marehemu basi wewe huna cha kubadilishana. Kuingilia mali ya marehemu kabla ya mirathi kupitishwa ni kosa kisheria, sio makosa ya adabu tu. Waislamu mnaweza kwenda kwa Kadhi, wengine mahakama za kawaida. Hayo yakiisha ndio tuanze haya mengine.

Ardhi ya kilimo Kenya ina sheria yake ya udhibiti, sura ya 302, ya 1967. Watu wanafikiri ni ya kuuza tu. Ile sheria imetaja kuuza, kuhamisha, kukodisha, kuweka rehani, kugawanya na KUBADILISHANA kwa jina lake. Kwa hivyo mnahitaji idhini ya bodi ya ardhi, ombi liingie ndani ya miezi sita tangu mlipokubaliana, na mkizembea makubaliano yenu yanakuwa bure kabisa. Pesa kama zimetoka mtu anaweza kuzidai kama deni lakini ardhi haihami. Ziko kesi mahakama ya rufaa imewaokoa watu kwa msingi wa haki, lakini usipande mihogo ukitegemea kwenda rufaa.

Hakuna fomu moja ya kubadilishana inayomaliza kila kitu. Kila kipande kina namba yake kwa hivyo kila kipande kinahamishwa chenyewe, hati mbili, sachi mbili, yaani kukagua daftari la ardhi, na stempu, ambayo kwa mashambani ni asilimia 2 ya thamani anayoipa mthamini wa serikali. Kama mnabadilishana vipande vizima hamhitaji savea kukata upya lakini mleteni ahakikishe bikoni, zile alama za mpaka, manake mara nyingi mzee anasema mpaka ni mkorosho na ramani inasema mkorosho uko ndani mita kumi na mbili. Kama ni ardhi ya skimu, ile serikali iliyowagawia watu kwa mkopo, na deni la skimu halijaisha, hapo simama. Na mke wa mzee aje kwenye bodi, na wako pia, watawauliza.

kijana_wa_marafa

Mimi naomba kutia chumvi kidogo. Tukisema Waingereza wanajua kubadilishana ardhi tuseme pia walijifunzia wapi. Kwao kulikuwa na mashamba ya wazi, kila mtu ana ngwe zake hapa na pale kama sisi, na malisho ya wote. Kati ya 1604 na 1914 bunge lao likapitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua, karibu ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya moja ya tano ya England yote. Ndani ya sheria hizo ndimo vipande vilibadilishwa vikakusanywa, lodi akapata yake pamoja, mchungaji wa kanisa yake pamoja, na yule mjane mwenye ng'ombe mmoja aliyekuwa akimlisha kwenye malisho ya wote bila karatasi akaamka siku moja malisho yana ua na yeye yuko nje.

Halafu wakaja kutufanyia hivyohivyo hapa pwani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908, mwenye dai aje na dai lake kwa karani wa hati, asiye na dai ardhi ya serikali. Babu zetu Wamijikenda nani alikuwa na karatasi? Mpaka leo mtu kazaliwa hapa, bibi yake kazikwa hapa, na anaitwa skwota kwenye shamba la mtu hajawahi kumuona.

Kwa hivyo bro mimi sikukatazi, lakini uliza swali moja ambalo ajenti wa Norfolk hataliuliza. Kwenye kipande chako na chake kuna kaburi? Kuna koma za wazee wa mzee? Ile miti iliyochimbiwa chini kwa ajili ya mababu haing'olewi ikahamishwa kwa sababu bodi imetoa idhini. Kama zipo basi hata mkiandikiana, yeye atakuwa anakuja hapo mgongoni kwako mpaka mwisho.

mwana_wa_amu

Hilo la ua ni kweli tupu na sikubishii. Kuna kijiji kimoja kilichobaki kama zamani, Laxton, mkoa wa Nottinghamshire, nlipelekwa kutembezwa. Mashamba matatu makubwa ya wazi, hakuna ua katikati, wakulima wana vipande vyembamba virefu vimepangana, na kila mwaka mwisho wa Novemba baraza la wakulima wenyewe linapita kukagua nani kalima akaingia kwa mwenzake, wanachomeka vijiti, aliyekula mpaka anapigwa faini. Mwaka wa 2020 kijiji chenyewe kimenunuliwa na esteti ya Thoresby kutoka kwa Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi za Ufalme wao, na Thoresby ni familia ileile iliyokuwa nacho mpaka 1952, yaani ardhi ikaondoka ikazunguka serikalini ikarudi. Nlipowaona wanabishana kwenye matope juu ya hatua mbili za ardhi nikasema hawa ni watu wa kwetu.

Na nimesahau kitu kimoja kingekufaa. Wakulima wenyewe, sio malodi, hubadilishana mashamba kwa msimu mmoja tu bila kugusa hati. Viazi havitakiwi kurudiwa kwenye ardhi moja mpaka ipumzike miaka kadhaa, vinaleta minyoo, basi mwenye viazi analima kwa jirani mwaka huu, jirani anapanda ngano kwake. Mngejaribu masika moja kwanza?

karani_mstaafu

Mwana wa Amu usimtie kijana wa watu matatani. Kuazimana msimu mmoja kwa ujirani watu wanafanya, mimi mwenyewe nimelima kwa shemeji. Lakini kukodisha kumo ndani ya sheria hiyohiyo, na kuingia kwenye ardhi ya mtu kwa ajili ya makubaliano ambayo yameshakuwa bure ni kosa. Aazimwe kama jirani, mahindi tu, asipande mti wala asijenge. Ukipanda mti umeanza kesi.

maalim_wa_shela

Assalam aleikum. Nimefurahi kusoma, na kuna mambo mawili hayajaguswa.

La kwanza ni hii hofu ya kuongezana pesa. Kuna ndugu wananiuliza huku Lamu, maalim nikibadilisha shamba langu kwa shamba na mwenzangu akaniongeza pesa si riba? La. Riba ya ziada katika kubadilishana iko kwenye dhahabu, fedha na vyakula kama ngano na tende, ardhi haimo. Shamba kwa shamba na pesa juu yake ni biashara ya halali mkiridhiana na kila mmoja akijua anachopokea. Lisilofaa ni kuficha, mathalan wewe unajua bonde lilifurika mpaka wapi na yeye hajui, japo huyo mzee anakaa hukohuko atajua kukushinda.

La pili, kijana aulize kama kipande kimojawapo si wakfu. Pwani yetu mashamba mengi ya minazi yaliwekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi, na karatasi nyingine zimeliwa na mchwa. Wakfu hauuzwi wala haubadilishwi kwa kahawa. Kuna mlango unaoitwa istibdali, kubadilisha mali ya wakfu kwa nyingine bora, Wahanafi wameufungua kidogo lakini sisi Mashafii tunaubana sana, na kwa Kenya kuna Tume ya Wakfu pale Mombasa, huwezi kujiamulia.

Nimelitaja kwa sababu hao malodi walikuwa na kitu kinafanana nalo. Baba akifunga esteti kwa kizazi, mtoto anakula mavuno maisha yake yote lakini mali si yake, ni ya atakayezaliwa. Kwa kawaida hakuweza kuuza wala kubadilisha ila kama hati yenyewe imemruhusu au aende bungeni atafutiwe sheria yake peke yake. Mwaka 1882 ndipo ilipopita sheria ya kumpa aliye hai nguvu ya kuuza na kubadilishana, na hata hivyo pesa za kusawazisha haziingii mfukoni mwake, zinashikwa na wadhamini kwa ajili ya wanaokuja. Nilipokisoma hicho nikasema kumbe na wao waliwaogopa watoto wao.

mkulima_wa_jilore

Ahsanteni sana, nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mke wangu akasema huyo Bi Khadija angekuwa karibu angemletea halua.

Shangazi umenikamata. Hatimiliki iko kwa jina la baba. Nina dada wawili, mmoja Mombasa mmoja Watamu, na ukweli sikuwaambia. Jana nimempigia wa Mombasa, kanyamaza kama dakika halafu akasema kwa hivyo kile cha bondeni ndicho nlichokuwa nakitegemea mimi. Sikujua. Miaka kumi na tano nalima peke yangu nikafikiri hakuna anayekitaka. Wiki ijayo nakwenda Mombasa tukae.

Maalim wakfu hakuna, nimemuuliza mzee, na yeye sio Muislamu na kipande chake alinunua mwenyewe ana karatasi. Kijana wa Marafa koma zipo lakini ziko kule bondeni nyumbani kwake, huku hakuna kitu, kwa hivyo kwake yeye ndio afadhali zaidi, atakuwa nazo pamoja na ardhi.

Ila juzi kaja na neno jipya. Kakaa hapo kibarazani kaangalia angani halafu akasema mwanangu ardhi chukua, lakini minazi niachie mpaka nitakapokufa, nitakuwa namtuma mjukuu aje aangushe. Sasa hiyo nayo imekaaje? Ardhi yangu minazi yake?

kijana_wa_marafa

Hiyo mbona ya siku zote, huku mwenye ardhi mbali mwenye mnazi mbali. Watu wanauziana minazi na mchanga haumo.

mwana_wa_amu

😂😂 Kaka huyo ndio lodi wa pheasant. Ardhi chukueni kuku nabaki nao. Mkubalie lakini kwenye bei mkumbuke, umepokea ekari tatu na nusu zenye minazi ya mtu mwengine, kivuli chako nazi zake. Lile sawa na sawa lenu limebadilika yeo.

karani_mstaafu

Iandikwe. Mingapi, ipi, mpaka lini, mjukuu anapita wapi, na mnazi ukifa anapanda mwengine au la. Sheria ya leo haiipendi sana hiyo mila kwa sababu kwenye daftari mti ni sehemu ya ardhi, kwa hivyo bila maandishi siku mzee akiondoka watoto wake watasema ya maisha na wewe utasema ya huruma. Na muitie alama ya rangi kila mti mbele ya mzee wa kijiji.

bi_khadija_mambrui

Na nazi ikimshukia mtoto wako kichwani ni ya nani, hilo nalo muandike 😂

Halua naingoja.

mkulima_wa_jilore

Nimetoka kuhesabu sahi na mjukuu wake, tumetia chokaa kila mmoja. Ni thelathini na nane. Miwili imeliwa na chonga, yule mdudu wa minazi, kitambo imebaki magogo, mzee hakujua, alikuwa bado anaihesabu.